Tangi la mafuta lililovuja ardhini: kabla hamjaanza kuvuta maji, jueni mafuta yenyewe yako wapi

#1 Kisimani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusafisha udongo na maji ya ardhini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni matangi ya mafuta yaliyofukiwa: vituo vya petroli, gereji, yadi za mabasi, majengo yenye jenereta. Kuna kosa moja naliona likirudiwa mpaka linaniuma, na ndilo lililonileta hapa. Watu wakigundua kisima kinanuka petroli, wote wanakimbilia maji. Wanaleta pampu, wanavuta, wanachuja, miaka inakatika. Wakati huohuo mafuta yametulia kwenye udongo na kila siku yanaharibu maji mapya yanayopita.

Naomba niende taratibu, kwa sababu asiyeelewa mafuta yanavyosafiri huko chini atanunua mtambo wowote atakaouziwa.

Tangi la chuma lisilo na kinga, likikaa kwenye udongo wenye unyevu, linaoza. Kutu hailili sawasawa, inatoboa sehemu moja, na tundu linaweza kuwa dogo kama la sindano. Mara nyingi pia tangi ni zima kabisa ila bomba au maungio yake ndiyo yamelegea, au mafuta yamekuwa yakimwagika kidogokidogo wakati wa kujaza. Tundu dogo lisimdanganye mtu. Tone moja kwa sekunde ni kama lita nne kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,500, na juu ya ardhi hakuna hata doa.

Mafuta yakitoka yanashuka, na kila punje ya udongo yanayoipitia inabaki na kidogo chake. Mchanga huyapitisha haraka. Mfinyanzi huyazuia, kisha huyashikilia. Yakiwa machache yanaishia njiani. Yakiwa mengi yanafika kwenye maji, na hapo ndipo picha inapowapotea wengi. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo haizami, inaelea. Lakini msifikirie ziwa la petroli lililotandaa juu ya maji. Imejibana kwenye vitundu vya udongo, ikigombea nafasi na maji na hewa. Ndiyo maana ukishusha kipimo kisimani ukakuta sentimita 60 za petroli, usidhani udongo wa pembeni nao una sentimita 60. Kisima ni shimo tupu, mafuta huchuruzika na kujikusanya humo, na unene unaouona huwa mkubwa kuliko uliopo kwenye udongo.

Sasa mvua zinanyesha, maji ya ardhini yanapanda. Ukame unakuja, yanashuka. Mafuta yanapanda na kushuka nayo, yakiupaka udongo mita moja, pengine mbili au zaidi. Ukanda huo uliopakwa ndio wenye kesi. Sehemu yake kubwa huwa imezama chini ya maji, mafuta yamekatika vipande vidogo vilivyonasa kati ya punje, na hakuna pampu itakayovivuta vikatoka. Vinayeyuka polepole tu, kwa miongo.

Kinachoyeyuka zaidi ndicho kinachotuumiza zaidi, kemikali nne zilizomo kwenye petroli: benzini, tolueni, ethailibenzini na zaileni. (Nikisema benzini namaanisha kemikali yenyewe, simaanishi petroli kama baadhi ya watu wanavyoiita.) Benzini inasababisha saratani ya damu, hilo halina mjadala tena. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, Marekani 5, Umoja wa Ulaya 1. Fanyeni hesabu: lita moja ya petroli yenye benzini asilimia moja ina gramu karibu 9 za benzini. Gramu hizo zinatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Lita moja tu ya petroli.

Na pua isikuhakikishie chochote. Harufu ya benzini peke yake kwenye maji huanza kusikika ikifika kama miligramu 10 kwa lita, yaani mara elfu moja ya kikomo hicho. Petroli ina vitu vingine vinavyonuka mapema, hivyo ukisikia harufu, acha kunywa. Lakini usiposikia harufu, bado hujajua kitu.

Kesi moja niliyoisimamia mwanzoni mwa kazi yangu ndiyo iliyonibadilisha. Tulivuta maji miaka mitatu mfululizo. Vipimo vilishuka vizuri, kila robo mwaka chini zaidi, tukapongezwa. Tukazima pampu. Baada ya miezi minane benzini ilikuwa imerudi karibu pale tulipoanzia. Tulipokuja kuchimba vizuri tulikuta ukanda wa udongo uliolowa dizeli na petroli chini ya njia ya bomba, mita kumi na kitu kutoka tangini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupima. Miaka mitatu tulikuwa tunafua shati huku wino ukiendelea kumwagika mfukoni. Mimi ndiye niliyesaini mpango ule, na familia zilizokuwa zikichotewa maji kwa magari ziliendelea kuchotewa kwa sababu ya saini yangu.

Karibuni tujadili. Mwenye uzoefu tofauti asinyamaze.

#2 Fundi Pampu

Mkuu Kisimani, umeeleza vizuri ila naona umeionea pampu. Mimi nafunga mitambo hii. Uchafu ukiwa unaelekea kwenye kisima cha watu huwezi kuwaambia wasubiri uchunguzi wa udongo uishe. Ukivuta maji mbele ya kisima chao unaugeuza mwelekeo, uchafu unakuja kwako badala ya kwenda kwao. Hilo nimeliona kwa macho yangu likiokoa kisima cha shule.

#3 Kisimani

Fundi, hapo uko sahihi na nakubali bila kusita. Pampu kama ukuta ni kitu chema. Inazuia. Tatizo langu ni pale ukuta unapoitwa usafishaji, bajeti yote ikamalizikia hapo.

Na hata huo ukuta unahitaji ujue maji yanaelekea wapi. Maji ya ardhini yana mteremko wake, na haufuati lazima mteremko wa uso wa ardhi. Visima vitatu vya uchunguzi vilivyopangwa pembetatu, vilivyopimwa kimo vizuri, ndiyo kima cha chini cha kuujua mwelekeo huo. Kimoja hakikwambii kitu, viwili vinakudanganya. Na urudi uvipime msimu mwingine, maana mwelekeo unaweza kugeuka, hasa jirani akianza kuvuta maji mengi ya kumwagilia.

Uchafu unaoyeyuka hunyooka na maji kama ulimi, mrefu na mwembamba. Kisima kilichochimbwa hatua chache nje ya ulimi kitasema maji ni safi, na kila mtu atarudi nyumbani ameridhika.

#4 Bintiudongo

Ahsante kwa uzi huu. Nina swali la moja kwa moja. Kisima chetu kiko karibu na kituo kilichofungwa zamani na maji yana harufu ya mbali. Tumekuwa tukiyachemsha kabla ya kunywa. Hilo linatosha?

#5 Kisimani

Dada, hapana, na naomba uache leo. Kuchemsha kunaua vijidudu. Benzini haifi, inaruka kutoka kwenye sufuria na kuingia kwenye hewa mnayovuta. Ukichemshia jikoni palipofungwa umeihamisha kutoka tumboni kwenda mapafuni. Vivyo hivyo kuoga maji ya moto kwenye bafu dogo. Tafuteni maji mengine ya kunywa, kupikia na kuoga mpaka mpime, na mnapoyatumia kwa jambo jingine lolote fungueni madirisha.

Mtakapochukua sampuli, maabara itawapa chupa ndogo. Ijazeni mpaka juu kabisa, ukiigeuza usione hata kipovu kimoja. Benzini inapenda hewa, ikipata kipovu itahamia humo na jibu la maabara litakuwa zuri kuliko ukweli. Chupa iwekwe kwenye barafu mara moja na ifike maabara upesi. Nimewahi kuona sampuli zikizungushwa mchana kutwa nyuma ya gari, juani, halafu mtu anashangilia matokeo.

Jambo jingine: kama nyumba yenu au ya jirani ina chumba cha chini au shimo la maji taka linalonuka petroli, hilo ni la zima moto, leo, si la maabara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unafuata mitaro ya nyaya na mabomba, unatulia mabondeni. Ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche moja inatosha.

#6 Mwanabakteria

Naomba niongeze upande ambao watu wa mitambo huusahau. Udongo wenyewe una bakteria wanaokula petroli. Si hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bomba la petroli lilivuja Ambler, Pennsylvania, Marekani. Mtafiti Richard Raymond aliona kwamba bakteria waliokuwamo ardhini tayari walikuwa wanayala mafuta, walikosa tu oksijeni na mbolea. Akawapelekea hewa, naitrojeni na fosforasi, na mwaka 1974 akapata hataza ya njia hiyo.

Kuna pia Bemidji, Minnesota, ambako bomba la mafuta ghafi lilipasuka Agosti 1979. Tangu 1983 wanasayansi wa jiolojia wa serikali ya Marekani wamekuwa wakipachunguza. Walichokikuta ni kwamba ulimi wa uchafu unasonga polepole mno kuliko maji yenyewe, kwa sababu bakteria wanautafuna pembeni na mbele. Wakimaliza oksijeni wanatumia naitreti, manganizi, chuma, salfeti, na mwishowe wanatoa methani.

Mwaka 1995 maabara ya utafiti ya Lawrence Livermore, Marekani, ilichambua matangi mengi yaliyovuja California na kukuta ndimi nyingi za benzini hazizidi mita 80 hivi, kisha zinatulia. Kwa hiyo swali langu kwa Kisimani: kwa nini tusiache asili ifanye kazi, sisi tukapima tu?

#7 Kisimani

Mkuu, nimefurahi umeileta Bemidji, maana inabeba hoja yako na yangu kwa pamoja. Ulimi umezuiwa, kweli. Lakini miongo minne baadaye mafuta yenyewe bado yapo pale chini. Bakteria wanakula kilichoyeyuka, na chanzo kinaendelea kutoa kingine.

Hesabu ya oksijeni inaeleza kwa nini. Gramu moja ya benzini inahitaji gramu tatu za oksijeni ili iliwe yote. Maji yenye hewa ya kutosha yana miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Ukichukua kilo moja ya petroli, inayohitaji kama kilo tatu na nusu za oksijeni, utapitisha zaidi ya lita 430,000 za maji ili kuwapelekea bakteria mlo wa kilo hiyo moja. Ukiwapelekea hewa, mita za ujazo 13 zinatosha. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa hewa kuliko mtu wa maji.

Kuacha asili ifanye kazi nakubali, kwa masharti. Chanzo kiwe kimeondolewa. Visima vya kunywa viwe mbali na ulimi. Vipimo vya miaka vionyeshe unapungua, na si benzini peke yake: nataka kuona oksijeni na naitreti zimepungua ndani ya ulimi, chuma kilichoyeyuka kimeongezeka, methani ipo. Hizo ndizo nyayo za bakteria wanaokula. Bila nyayo, kinachoitwa asili ni kuchanganyika na maji mengi zaidi.

Na awepo mtu wa kuendelea kupima. Nimeona mipango ya "kufuatilia" ambayo baada ya mwaka wa pili hakuna hata anayekumbuka ufunguo wa visima uko wapi.

#8 Mjenzi Mkongwe

Mbona mnazunguka? Chimbeni udongo mchafu wote, upakieni, uondoke, mjaze mpya. Mwezi mmoja kazi imekwisha.

#9 Kisimani

Mzee wangu, pale inapowezekana mimi ni wa kwanza kuleta kijiko. Uvujaji mpya, udongo mchafu uko juu, hakuna jengo juu yake: chimba, usiwaze mara mbili. Udongo unaweza kutandazwa mahali palipozuiliwa chini na kugeuzwageuzwa bakteria wale, au kurundikwa na kupitishiwa mabomba ya hewa. Lakini usiutandaze ovyo. Petroli itaruka yote angani kabla bakteria hawajaigusa, na umemhamishia jirani.

Ugumu unaanza mafuta yakiwa mita nane chini, barabara ikiwa juu yake, na nusu ya ukanda imezama majini. Hapo shimo linahitaji kuta za chuma, maji yanayojaa shimoni nayo ni machafu na lazima yatibiwe, na ukifika kwenye msingi wa jengo unasimama huku bado unaona udongo wa kijivu unaonuka.

Tangi lenyewe pia lina hatari yake. Tangi tupu linaua kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Kabla ya kukata au kuinua, mvuke lazima uondolewe au uzimwe nguvu kwa barafu kavu au naitrojeni, na mtu apime ndani kwa kifaa. Asiingie mtu kwa kuamini pua.

#10 Fundi Pampu

Basi tupe unachofunga wewe, mkuu, ukishajua mafuta yako wapi.

#11 Kisimani

Inategemea ni mafuta gani na ni udongo gani. Sikwepi swali, kazi yote iko kwenye hayo mawili.

Petroli kwenye mchanga, juu ya maji: nafyonza mvuke. Unachimba visima vyenye matundu kwenye udongo mkavu, unaweka kipuliza kinachovuta, hewa inapita kati ya punje na kubeba petroli iliyogeuka mvuke. Mvuke unaotoka unapitishwa kwenye mkaa maalumu wa kuchujia au unachomwa. Miezi ya kwanza utatoa kilo kwa kilo, utafurahi. Kisha mstari wa vipimo kwenye chati unalala. Hapo wengi hutangaza ushindi. Mara nyingi maana yake ni kwamba mchanga umesafika na kilichobaki kimejificha kwenye tabaka za mfinyanzi, kinatoka kwa mwendo wake chenyewe. Zima wiki kadhaa, washa tena. Kipimo kikiruka juu, bado.

Dizeli hairuki hivyo. Kwa dizeli napeleka hewa kidogokidogo, ya kuwalisha bakteria tu, bila nguvu ya kufyonza. Ni njia ya polepole lakini mashine ni ndogo na mvuke wa kutibu karibu haupo.

Kwa ukanda uliozama, unaweza kupuliza hewa chini ya maji ipande ikibeba benzini na kuacha oksijeni njiani. Watu huchora povu zikipanda kama kwenye sufuria. Kwenye udongo wa kawaida hewa haiendi hivyo, inachagua njia chache na kupita humo humo, na maji ya pembeni hayaguswi. Ikikuta bamba jembamba la mfinyanzi inakwenda upande, pengine mpaka chini ya nyumba ya mtu. Kwa hiyo sipulizi hewa chini bila kuwa na kifyonza mvuke juu yake kinachofanya kazi. Kifyonza kikizimika, kipulizio nacho kizimike chenyewe, kifungwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Kemikali ziko pia. Haidrojeni peroksaidi pamoja na chuma inavunja benzini kwa nguvu, ila inatoa joto na gesi, na penye mafuta yanayoelea au tangi linalotumika siigusi. Pamanganeti, ile ya zambarau, inasifiwa sana. Kwa benzini haifanyi kazi ya maana, na nimekuta imemwagwa ardhini kwa pesa nyingi kwa sababu tu muuzaji alikuwa nayo. Persalfeti ni afadhali. Lakini kemikali yoyote lazima iguse mafuta, na ardhini kitu kinapita pale penye njia, hakiendi unakotaka wewe.

Udongo ukiwa mfinyanzi mtupu, nasema ukweli, machaguo ni machache: kuchimba, kupasha joto, au kuvuta mvuke na kimiminika kwa pamoja kwa ombwe kali kutoka kwenye visima vilivyokaribiana sana. Yote ni ghali.

#12 Mwanabakteria

Na viongezeo vya petroli usivisahau. Santa Monica, California, mwaka 1996 ilifunga visima vilivyokuwa vinatoa karibu nusu ya maji ya mji. Mkosaji hakuwa benzini, alikuwa MTBE, iliyokuwa inachanganywa kwenye petroli ili iungue vizuri. Inayeyuka kwenye maji mara nyingi kuliko benzini, haishikwi na udongo, na bakteria wengi hawaipendi. Ulimi wake unatangulia mbele kabisa. California iliipiga marufuku kuanzia 2004.

#13 Kisimani

Kweli kabisa, na hata ethanoli iliyochukua nafasi yake ina jambo lake. Yenyewe bakteria wanaipenda, wanaikimbilia kwanza, wanamaliza oksijeni, benzini inaachwa isafiri mbali zaidi. Kwa hiyo zile mita 80 za mwaka 1995 msizitumie kama kamba ya kupimia kila mahali. Zilitoka kwenye petroli ya wakati ule na ardhi ya kule.

#14 Msimamizi Kituo

Mimi nasimamia kituo, na uzi huu umenikosesha usingizi. Tunapima tangi kwa fimbo kila asubuhi na kulinganisha na mauzo. Tofauti ndogo huwa tunaandika kuwa ni joto na uvukizi. Nitajuaje kama ni uvujaji?

#15 Kisimani

Ndugu, kwa kuuliza tu uko mbele ya wengi. Hasara ya joto na makosa ya fimbo huyumba: leo pungufu, kesho zidio. Uvujaji hauyumbi, unapungua tu. Jumlisha tofauti za kila siku kwa mwezi mzima uone zinaelekea wapi. Kanuni za Marekani zinataka uripoti miezi miwili mfululizo ikipita, kila mmoja na tofauti ya zaidi ya asilimia moja ya mafuta yaliyopita tangini ukiongeza galoni 130, yaani karibu lita 490. Angalia ukubwa wa nafasi hiyo: tangi linaweza kupoteza lita mia kadhaa kwa mwezi na daftari likasema ni salama. Ndiyo maana fimbo peke yake haitoshi, tangi na mabomba yapimwe kwa shinikizo au kwa kipimo cha umeme kinachokaa ndani. Pia paka dawa ya kugundulia maji kwenye ncha ya fimbo. Maji yakiongezeka chini ya tangi bila sababu, kuna mahali yanaingilia, na yanapoingia maji ndipo yanapotoka mafuta.

Mwaka 2006 kwenye kituo kimoja cha Jacksonville, Maryland, zaidi ya galoni 25,000 za petroli ziliingia ardhini kwa muda wa zaidi ya mwezi, na majirani walikuwa wanakunywa maji ya visima. Na ukubwa si kinga. Matangi ya mafuta ya jeshi la majini la Marekani huko Red Hill, Hawaii, yalikuwa 20, kila moja la galoni milioni 12.5, yamejengwa kwenye mwamba mita 30 tu juu ya maji wanayokunywa watu. Yalivuja 2014. Mwishoni mwa 2021 mafuta yakaingia kwenye mfumo wa maji unaohudumia watu karibu 93,000, na Machi 2022 ikaagizwa yafungwe. Kati ya 2014 na 2021 kulikuwa na miaka saba ya kuamua.

#16 Bintiudongo

Nimerudi na habari. Baada ya uzi huu tulikwenda pamoja na majirani kwa wenye kile kituo. Wameitikia, wameleta kijiko, jana wametoa matangi mawili. Moja lina matundu chini, yanaonekana kwa macho. Mkandarasi anasema shimo halinuki sana na anataka kulifukia kesho asubuhi kabla ya mvua, kisha walete pampu ya kusafisha kisima chetu. Tukubali?

#17 Kisimani

Dada, lisifukiwe kesho. Niamini kwa hili, shimo likiwa wazi ni mara moja tu utaona ardhi ilivyo bila kutoboa kwa kubahatisha.

Wachukue sampuli za udongo kwenye sakafu ya shimo chini ya kila ncha ya tangi, na kwenye kuta nne, kwenye kimo kile ambacho rangi inageuka kuwa ya kijivu au kijani, maana huo ndio ukanda niliouzungumza. Wawe wanakwangua ukuta kwanza, uso uliokauka na upepo umeshapoteza petroli yake. Kisha, na hili nasisitiza, wafuate njia ya mabomba kutoka tangini mpaka zilipokuwa pampu za kuuzia, wafunue, wachukue sampuli chini ya kila kiungo. Matundu ya tangi yasiwafanye waache mabomba. Mimi niliacha.

Kama mvua inatishia, wafunike shimo kwa turubai, wachimbe mfereji mdogo kulizunguka maji yasiingie, na waweke uzio watoto wasikaribie. Udongo uliokwisha kutolewa uwekwe juu ya turubai na ufunikwe, usirudishwe shimoni. Piga picha kila ukuta ukiwa na futi kamba ndani ya picha, andika tarehe. Maji yakionekana chini ya shimo, chukua sampuli yake pia kabla hayajavutwa.

Pampu iletwe, sawa, iwalinde. Lakini muombe mkandarasi aandike kwenye karatasi ni visima vingapi vya uchunguzi atachimba na ni wapi, na kwamba baada ya kuizima atapima angalau mwaka mzima, maji yakiwa juu na yakiwa chini. Akikataa kuandika, rudi hapa leo usiku, nitakuandikia maswali ya kumuuliza kimoja kimoja.